Wiki moja Oman na rafiki wa chanda na pete: mwongozo wa kupanga na kusafiri

Mimi na mwenzangu tunajuana tangu kidato cha kwanza. Yeye ni wa Moshi, mimi wa Tanga. Yeye hulala mapema, mimi huchelewa. Yeye huhesabu kila shilingi kabla haijatoka, mimi hununua kwanza. Safari yetu ya kwanza nje ya nchi nusura ituachanishe, na chanzo chake kilikuwa kidogo tu: mimi nililipa chakula cha siku tatu, yeye akalipa teksi zote, hakuna aliyeandika, na kila mmoja wetu akarudi nyumbani akiamini kuwa yeye ndiye aliyetoa zaidi. Hatukusemeshana miezi miwili.

Safari ya pili tulikwenda Oman, na mara hii tulikaa kitako tukapanga kabla ya kugusa tiketi. Mpango huo ndio ninaouandika hapa, pamoja na niliyojifunza kuhusu nchi yenyewe. Kwa Mswahili anayetoka nje mara ya kwanza kwa matembezi tu, nadhani Oman ni pazuri kuliko pengi panaposifiwa. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja tu. Plagi za ukutani ni zile zile za pini tatu za kwetu. Chapati, mishkaki, mandazi na wali wa viungo utavikuta mezani, na Kiswahili utakisikia sokoni bila kukitafuta. Ukishatulia hivyo, ndipo unapokutana na usivyovizoea: milima ya mawe matupu, jangwa, na mabonde yenye maji ya kijani katikati ya majabali.

Hatua ya kwanza: kikao kabla ya tiketi

Kutaneni ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu. Kila mmoja aje na karatasi aliyoandika vitu vitatu ambavyo asipoviona atahisi hakwenda. Vitatu tu. Mimi niliandika Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, soko la Mutrah na kasa wanaotaga usiku. Mwenzangu aliandika mlima, mnada wa mbuzi na kuogelea kwenye bonde. Hapo tukawa na vitu sita visivyoguswa, na vingine vyote vikawa vya kufanya nafasi ikipatikana. Orodha hiyo ilituokoa mara nyingi, maana mtu akichoka anajua ni lipi analoweza kuliruka bila kumwonea mwenzake.

Kisha semeni hofu na udhaifu wenu waziwazi. Nani haogelei? Nani huogopa barabara za kupanda mlima? Nani ana pumu, kisukari, au mzio wa chakula fulani? Nani hukoroma? Mimi siwezi kuogelea, na katika miaka yote ya urafiki wetu sikuwahi kumwambia. Bora hilo lijulikane sebuleni kwenu kuliko kwenye ukingo wa maji.

Mwisho wa kikao, kila mmoja ataje kiasi anachoweza kutumia bila kukopa. Mnapanga kwa kiasi cha yule mwenye kidogo. Mwenye zaidi akitaka hoteli ya kifahari, alipie tofauti yote mwenyewe na jambo lile lisitajwe tena, au akubali ya kawaida. Nusu kwa nusu kwenye kitu ambacho mmoja hakukimudu tangu mwanzo huzaa kinyongo.

Hatua ya pili: mfuko wa pamoja na daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tulinunua pochi moja ndogo na daftari moja. Siku ya kwanza kila mmoja alitia riali 100. Humo yalitoka mafuta ya gari, teksi, chakula tulichokula pamoja, maji na viingilio. Manukato, dhahabu, zawadi za nyumbani na vifurushi vya simu kila mtu alilipa kwa fedha yake. Mmoja alishika pochi, mwingine akaandika. Hii ni muhimu: mshika fedha asiwe mwandishi. Kila usiku kabla ya kulala tulihesabu, dakika tano tu. Mfuko ukipungua, wote wawili waliongeza kiasi sawa.

Fedha yenyewe inahitaji uangalifu. Riali moja imefungwa kwenye takriban dola 2.60 za Marekani, kwa hiyo noti inayoonekana ndogo ni pesa nyingi. Riali ina baisa 1,000, si senti 100, na bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Ukiona 2.500 maana yake ni riali mbili na nusu. Zipo pia noti za baisa 100 na za baisa 500. Mkononi, jioni, ni rahisi kuzichanganya na za riali. Zitengeni kwenye mifuko tofauti ya pochi.

Hatua ya tatu: msimu, kisha Ijumaa

Nendeni kati ya Novemba na Machi. Miezi ya kiangazi Maskati hupita nyuzi 40 na unyevu wa bahari juu yake, na matembezi ya mchana huwa mateso. Salalah, kusini kabisa, ni kinyume: kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba hupata mvua ya manyunyu wanayoiita khareef, na milima yake hugeuka kijani. Hiyo ni safari nyingine, msiibane kwenye wiki hii. Angalieni pia kalenda ya Ramadhani. Mwezi huo ni marufuku kula au kunywa hadharani mchana, na mikahawa mingi hufungwa hadi magharibi.

Baada ya mwezi, chagueni siku. Wengi hupanga kuanzia siku ya kufika. Ninyi anzeni na Ijumaa, kwa sababu mnada wa mbuzi wa Nizwa ni Ijumaa asubuhi, na mapumziko ya wiki ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, siku ambazo mabonde hujaa familia. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka hapo, unafika Maskati Jumanne, unakuwa Nizwa Alhamisi jioni, na bonde la Wadi Shab unaliacha hadi Jumatatu likiwa na nafasi.

Hatua ya nne: hati na afya

Pasi iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Viza huombwa mtandaoni kwenye tovuti ya Polisi ya Kifalme ya Oman, na masharti hutegemea pasi. Kwa hiyo kila mmoja aangalie kwa pasi yake mwenyewe, hasa kama mmoja ni Mtanzania na mwenzake ana pasi ya Kenya au ya Uingereza. Msidhani kuwa alichoambiwa mmoja kinamhusu na mwingine. Ubalozi wa Oman uko Dar es Salaam, na Zanzibar kuna ubalozi mdogo. Msilipe tiketi isiyorudishwa kabla viza zote mbili hazijatoka.

Bebeni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chukueni bima ya safari inayolipia hospitali. Dawa za maumivu makali na za usingizi zibebwe kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari, kwa kuwa nchi za Ghuba huchunguza sana dawa. Kisha fanyeni jambo ambalo marafiki wengi hulisahau: kila mmoja ahifadhi kwenye simu yake picha ya pasi, viza na bima ya mwenzake, na namba ya ndugu mmoja wa mwenzake nyumbani. Mkoba wa mmoja ukipotea, mwingine ndiye ofisi yake.

Hatua ya tano: ndugu wa Maskati

Hatua hii haimo kwenye vitabu vya watalii, lakini kwa watu wa pwani ni kubwa kuliko viza. Uhusiano wetu na Oman ni wa damu. Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja karibu na mwaka 1840, na baada ya mapinduzi ya 1964 familia nyingi zilizozaliwa Zanzibar zilikwenda kuishi Oman, hasa kuanzia miaka ya 1970. Ndiyo maana mmoja wenu huenda ana shangazi, binamu au mtoto wa jirani wa zamani pale.

Shangazi akijua mnakuja, atataka mlale kwake. Na mchana mtakula kwake, na kesho kwa dada yake. Ni heshima kubwa, lakini rafiki asiye wa ukoo atakaa siku nne kwenye zulia akisikiliza habari za watu asiowajua, huku Nizwa ikimpita. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sisi tulikuwa na siku nane tu.

Tulifanya hivi. Tulilipia hoteli kwanza, ndipo nikapiga simu. Nikasema: "Shangazi, shikamoo. Nakuja na mwenzangu, tumeshapata mahali pa kulala, lakini siku ya mwisho ni yako, tutashinda kwako." Alilalamika kidogo, kisha akaniuliza mwenzangu anapenda samaki gani. Pelekeni zawadi zisizo na shida mpakani: karafuu, korosho, majani ya chai, khanga. Matunda mabichi yaacheni.

Mkikaribishwa kahawa, ni ya iliki, kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, pamoja na tende au halua. Pokeeni kwa mkono wa kulia. Mwenyeji ataendelea kumimina mpaka utikise kikombe kidogo unapomrudishia, hiyo ndiyo ishara ya kutosheka. Mwenzangu hakujua, akanywa vikombe sita kwa adabu na hakulala usiku ule. Kosa lilikuwa langu, nilipaswa kumwambia mlangoni.

Na jambo la mwisho kuhusu undugu huu: msimseme mtu kwa Kiswahili mkidhani hasikii. Mzee mwenye kanzu na kofia nyuma yenu kwenye foleni anaweza kuwa amezaliwa Pemba.

Hatua ya sita: gari

Ndani ya Maskati teksi za programu ya simu zinatosha. Nje ya mji kodini gari, kwa sababu mabasi hayafiki sehemu nyingi mnazotaka. Mwe na leseni ya kimataifa pamoja na ya nyumbani. Huko huendeshwa upande wa kulia, kinyume na kwetu, kwa hiyo saa ya kwanza mwenye usukani asizungumzishwe. Kazi ya mwingine ni kusoma ramani na kukumbusha upande kila mnapotoka kwenye mzunguko. Barabara kuu ni nzuri na zina kamera nyingi za mwendo. Usiku nje ya miji kuna ngamia barabarani. Pangeni kufika kabla ya giza.

Kodini gari la 4x4, yaani ambalo magurudumu yote manne huvuta, angalau kwa siku ya mlima. Njia ya Jebel Akhdar ina kizuizi cha polisi Birkat al Mouz, na gari dogo hurudishwa. Siku ya kuchukua gari, pigeni video kila upande pamoja na tairi ya akiba. Kampuni moja ilitudai mkwaruzo ambao tuliukuta, na video ya mwenzangu ndiyo iliyomaliza mjadala.

Hatua ya saba: siku kwa siku

Jumanne fikeni, nunueni laini ya simu uwanjani, laleni. Msitegemee kupiga simu kwa WhatsApp, kwani kwa miaka mingi simu za mtandaoni zimekuwa zikizuiwa nchini humo. Ujumbe wa maandishi na wa sauti huenda vizuri.

Jumatano asubuhi ni Msikiti Mkuu. Ulifunguliwa 2001. Ukumbi wa wanaume una zulia moja lenye zaidi ya mita za mraba 4,000, lililofumwa na wanawake wa Iran kwa miaka minne. Simameni pembeni yake mlitazame likikimbia hadi ukuta wa mbali, ndipo hesabu hiyo inapopata maana. Wasio Waislamu huruhusiwa kuingia saa mbili hadi saa tano asubuhi, isipokuwa Ijumaa, kwa hiyo kama mna dini tofauti nendeni saa za mgeni ili muingie pamoja. Mwanamke afunike nywele, mikono hadi viganja na miguu hadi vifundo. Mwenzangu alivaa dera na mtandio wangu, akapita bila swali.

Mchana pumzikeni, maana soko la Mutrah hufunga tangu kama saa saba hadi saa kumi. Jioni ingieni kutokea upande wa bahari. Nunueni ubani. Ulio bora hutoka Dhofar, mkoa wa kusini, na mwenye duka mzuri atakuchomea kipande kabla hujalipa. Wenye rangi iliyoelekea kijani au weupe angavu ni ghali kuliko wa manjano au wa kahawia. Bei hujadiliwa, kwa tabasamu na salamu kwanza.

Alhamisi endesheni hadi Nizwa, kama kilomita 140. Laleni karibu na ngome ili Ijumaa mtembee kwa miguu. Mnadani muwepo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wauzaji huzunguka duara wakivuta mbuzi, wanunuzi wamekaa katikati na pembezoni, na bei hupigiwa kelele. Kama mmekulia karibu na mnada wowote wa kwetu mtauelewa bila mkalimani. Msisimame njiani kwa ajili ya picha, na muombeni mtu ruhusa kabla ya kumpiga picha.

Kisha ngome yenyewe, na hapa msikimbie. Mnara wake mkubwa wa duara ulijengwa karne ya 17 na Imam Sultan bin Saif wa ukoo wa Ya'aruba, yule aliyewafukuza Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliiteka Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Kwenye ngazi kuna matundu juu ya milango ambamo walinzi walimimina asali ya tende iliyochemshwa juu ya adui. Nilisimama chini ya tundu moja nikaikumbuka Mombasa, nikaona kuwa historia niliyoisoma darasani kama ya pwani yetu nusu yake ilikuwa huku.

Mchana piteni Bahla kwenye ngome ya udongo iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1987, halafu Misfat al Abriyeen, kijiji cha mawe ambapo maji ya falaj, mfereji wa jadi wa kumwagilia, hupita katikati ya migomba na mitende. Jumamosi pandeni Jebel Akhdar, karibu mita 2,000 juu ya bahari. Bebeni sweta. Wakati wa kuteremka tumieni gia ndogo, breki zisiungue.

Jumapili ni siku ndefu ya barabara hadi Sur, mkipita kando ya jangwa la mchanga la Sharqiya. Sur ni mji wa mafundi wa majahazi, yale yaliyokuja kwetu na kaskazi yakarudi na kusi. Fatah al-Khair, lililoundwa hapo 1951, limehifadhiwa ufukweni. Usiku ni Ras al-Jinz. Kasa hutaga mwaka mzima, ingawa wengi zaidi huja miezi ya joto. Lipieni nafasi mapema, maana watu huingia kwa idadi maalumu na kwa kiongozi. Zimeni mwanga wote.

Jumatatu rudini kwa njia ya pwani. Qalhat, mji wa kale wa bandari, limebaki kaburi la Bibi Maryam likiwa limesimama juu ya bahari, lakini mji huo aliufikia Ibn Battuta, msafiri wa Morocco wa karne ya 14, baada ya kutoka Kilwa na kupitia Dhofar, akitembea kwa miguu kutoka Sur na mwenzake mmoja, hadi miguu ikamvimba. Mbele kidogo, Tiwi, ni Wadi Shab. Mashua ya kuvuka ni riali moja. Kisha mnatembea kama dakika 45 juu ya mawe, ndipo vidimbwi vinaanza, na wanaojua kuogelea huendelea hadi pango lenye maporomoko. Vaeni viatu vya kulowa na nguo ya kuogelea ya stara. Mimi nilibaki kwenye kidimbwi cha kwanza na mikoba yote, tukakubaliana saa ya yeye kurudi, na kwa sababu nilijua tangu sebuleni kuwa itakuwa hivyo, nilifurahia kivuli changu. Mawingu yakionekana milimani, hata kama kwenu kweupe, tokeni bondeni mara moja. Maji hushuka ghafla na huua.

Hatua ya nane: kukaa wawili chumba kimoja

Ombeni vitanda viwili na mthibitishe kwa maandishi. Hoteli moja ilitupa kimoja kikubwa usiku wa manane. Kubalianeni kiyoyozi kabla ya kuzima taa. Sisi tuliweka nyuzi 24 na mwenye baridi akaongeza shuka.

Kila siku pawe na saa moja na nusu ya kila mtu kivyake. Mmoja alale, mwingine atembee, bila kuulizana. Na mkiudhiana, semeni siku ile ile, lakini mkiwa mmekula na mmenywa maji. Hasira zetu nyingi za saa tisa mchana zilikuwa njaa na jua.

Hatua ya tisa: kufunga hesabu

Fanyeni jioni ya mwisho, kabla ya kwa shangazi au baada, lakini si uwanjani. Hesabuni kilichobaki kwenye mfuko, gawaneni sawa, kila mmoja atie sahihi ukurasa wa mwisho wa daftari. Mtumiane picha zote usiku huo mkiwa na intaneti ya hoteli, na muulizane ni zipi ambazo mwenzako hataki ziwekwe mtandaoni. Halua ya kupeleka nyumbani itieni kwenye begi kubwa, siyo la mkononi, na uifunge kwa plastiki mara mbili, maana mafuta yake hupenya.